Ombi la kuhukumiwa upya limekataliwa Mahakama Kuu, zimebaki siku tano. Rufaa inaandikwa vipi?

MamaMahamri (Jumamosi, saa 11 jioni)

Assalam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naandika nimesimama jikoni, unga umeshaumuka na mie akili haipo hapa.

Mdogo wangu yuko gereza la Shimo la Tewa. Alikamatwa Aprili 2006 akiwa na miaka 22. Alikuwa mgema, na aliyekufa pia alikuwa mgema. Waligombana mangweni, pale panapouzwa pombe ya mnazi, juu ya minazi mitatu, kila mmoja akidai mwenye shamba kampa yeye apande. Kila mmoja alikuwa na kotama yake, kile kisu cha kugemea, kiunoni. Sitapamba maneno: mdogo wangu alimpiga, na yule kijana akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Akakaa rimandi karibu miaka mitatu. Machi 2009 akahukumiwa kifo. Wakati ule jaji hakuwa na la kuchagua, ukishapatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia ni kamba. Agosti mwaka huohuo Rais Kibaki akabadilisha hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha, na yeye akiwemo. Mamangu alichinja kuku siku ile, majirani wakadhani mtoto katoka. Rufaa yake ya kwanza ilitupwa 2012.

Ilipokuja hukumu ya Muruatetu, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ikasema ile lazima ya kifo ni kinyume cha Katiba, mdogo wangu akaandika ombi la kuhukumiwa upya. Aliliwasilisha 2019. Likalala, likaamka, likalala tena. Afisa wa probesheni, yule anayeiandikia mahakama ripoti ya hali ya mfungwa, alikuja mpaka nyumbani, akamhoji mamangu, akamhoji mzee wa mtaa, akaenda na kwa wale. Nasikia ripoti ilikuwa nzuri. Huko ndani kasomea useremala, ana vyeti, ni kiongozi wa wenzake.

Alhamisi tarehe 6 mwezi huu jaji kasoma uamuzi. Mahakama ya mji gani, sitaji. Ni kurasa tatu. Kasema mambo mawili: kwanza, hukumu ya kifo haipo tena kwa kuwa Rais alishaibadilisha, kwa hiyo mahakama haina cha kuhukumu upya. Pili, kwa namna yule mtu alivyouawa, maisha yanamfaa. Basi. Ripoti ya probesheni hakuitaja hata kwa neno moja, wala ile miaka mitatu ya rimandi. Nimezisoma kurasa hizo mara sita, nikidhani labda nimeruka.

Nje ya lango la mahakama kijana mmoja mwenye briefcase kaniambia nimpe 40,000 ataandika ombi jipya, lipelekwe kwa jaji mwingine palepale. Nina 11,000, tena za ada ya shule.

Je, hapa pana rufaa au ndiyo mwisho? Na kama ipo, inaandikwa na nani, inapelekwa wapi? Nimeambiwa zimebaki siku tano.

---

Jirani_Mtwapa (Jumamosi, saa 12 jioni)

Pole sana dadangu. Lakini usijisumbue na rufaa. Siku hizi kifungo cha maisha ni miaka 30, ilishaamuliwa na Mahakama ya Rufaa. Andikeni barua kwa mkuu wa gereza wamhesabie, mbona karibu anatoka!

---

WakiliKisumu (Jumamosi, saa 2 usiku)

Jirani, nakuomba ushauri huo uufute. Ni kweli 2023 Mahakama ya Rufaa ya Malindi ilitoa miaka 40 badala ya maisha, na ya Kisumu ikasema maisha yahesabiwe miaka 30. Lakini zile hazikuwa kesi za mauaji, na ule uamuzi wa Malindi Mahakama ya Juu iliutengua Aprili 2025, ikarudisha maisha yaleyale. Mkuu wa gereza hana mamlaka ya kumhesabia mfungwa adhabu ambayo mahakama haikutoa. Familia ikiambiwa hivi, huanza kupaka nyumba rangi.

Sasa MamaMahamri. Huyo wa briefcase mwache na briefcase yake. Mahakama Kuu ikishasikiliza ombi la kuhukumiwa upya na kuliamua, imeweka kalamu chini. Jaji wa pili wa mahakama hiyohiyo si mkubwa wa jaji wa kwanza, na ombi la namna hiyo hufukuzwa siku ya kutajwa tu. Mlango uliobaki ni mmoja, Mahakama ya Rufaa.

Ni kweli siku ni 14 tangu uamuzi uliposomwa. Ila kinachotakiwa ndani ya siku hizo ni notisi ya rufaa, karatasi moja inayosema: mimi fulani, sikuridhika na uamuzi wa tarehe fulani, nakusudia kukata rufaa. Hoja zenyewe zinakuja baadaye. Na kwa kuwa yuko gerezani, hahitaji mtu wa kuipeleka masijala. Anaijaza, anamkabidhi mkuu wa gereza, na kwa sheria ahesabiwa amekata notisi. La muhimu ni muhuri wenye tarehe. Abaki na nakala. Siku zikipita kuna Kanuni ya 4 ya Mahakama ya Rufaa ya kuomba kuongezewa muda, husikilizwa na jaji mmoja, lakini utaulizwa ulichelewa kwa nini, na kila siku ina maelezo yake. Bora usifike huko.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: kifungu cha 379 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema anayepinga adhabu peke yake aombe ruhusa ya Mahakama ya Rufaa. Aiombe mapema, isije ikawa ndiyo sababu ya kumtupa nje.

Kuhusu ule uamuzi wenyewe, nimeusoma ulivyoueleza nikacheka kicheko cha uchungu. Muruatetu na mwenzake, waliopeleka kesi Mahakama ya Juu, nao walikuwa wamebadilishiwa kifo kuwa maisha mwaka huohuo wa 2009. Mahakama ya Juu ililijua hilo, na bado ikaamuru warudishwe Mahakama Kuu wakasikilizwe upya kuhusu adhabu. Kwa hiyo kusema Rais alishabadilisha, hatuna la kufanya, ni kuwafungia wengine mlango ambao waliofungua njia walipita wakiwa katika hali ileile. Hiyo ndiyo hoja yake ya kwanza, na aiandike kwa sentensi mbili.

Ya pili ni ripoti. Ile miongozo ya Mahakama ya Juu ya 6 Julai 2021, iliyosema Muruatetu ni ya mauaji tu chini ya vifungu vya 203 na 204 vya Kanuni ya Adhabu na si ya wizi wa mabavu wala makosa mengine, imetaja mambo ya kupimwa: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, tabia yake, majuto, uwezekano wa kubadilika na kurudi katika jamii, na vilevile namna kosa lilivyotendwa na jeraha lililobaki kwa familia ya aliyeuawa. Jaji ana haki ya kusema la mwisho lina uzito kuliko yote. Hana haki ya kutoyatazama mengine.

Ya tatu ni rimandi. Kifungu cha 333(2) cha ile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka muda wa rimandi uzingatiwe.

Msidhani lakini kwamba majaji watatu watamwonea huruma kwa kuwa ni majaji watatu. Tangu Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ya 1954 kanuni ni ileile: hawagusi adhabu eti tu kwa sababu wangekuwa wao wangetoa nyingine. Wanaigusa jaji akiwa amekosea msingi wa sheria, amesahau jambo kubwa, ameingiza lisilohusika, au adhabu ikiwa nzito kupita kiasi.

Na aambiwe ukweli wote: kifo bado kimo katika kifungu cha 204, kilichoondoka ni ile lazima. Upande wa mashtaka unaweza kuomba adhabu iongezwe. Ni nadra na lazima aonywe kwanza, ila asikate rufaa bila kulijua.

Mwambie pia aandike kuomba wakili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Hizo 11,000 lipa ada.

---

Kifungo19 (Jumamosi, saa 4 usiku)

Wakili kaongea vizuri. Mimi nitaongezea ya ndani.

Dada, mimi nilikuwa gereza la Kamiti, upande wa kunyongwa. Hakuna aliyenyongwa nchi hii tangu 1987, lakini siku yako ya kwanza ukivalishwa zile nguo hujui kama wewe ndiye utakayeanzisha tena. Nilikataliwa ombi langu 2019, nikashinda rufaa 2022. Nina duka la kutengeneza viatu sasa, na bado nikisikia funguo nyingi kwa pamoja nasimama.

Nilipokataliwa niliandika kurasa kumi na moja. Niliandika utoto wangu, baba alivyotukimbia, mama anavyoumwa mguu, nilivyookoka. Nikampelekea mwenzetu mmoja aliyekuwa akisomea sheria humo humo ndani, ile ya Chuo Kikuu cha London. Akachukua kalamu nyekundu. Akakata, akakata, mpaka nikataka kumpokonya. Ikabaki ukurasa mmoja na robo. Akaniambia, ndugu, hizi nyingine ni mitigesheni, maneno ya kuomba upunguziwe adhabu, ungemwambia jaji wa kwanza. Hawa wa juu unawaonyesha alipoteleza tu. Kila hoja iwe na kidole: ukurasa gani, mstari gani.

Nilikasirika siku mbili. Mama yangu alikuwa kwenye zile kurasa alizokata.

Sasa sikiliza hili, maana hakuna atakayekuambia. Rekodi ya rufaa ikitoka masijala, mdogo wako aifungue na atafute ripoti ya probesheni kabla ya kitu kingine chochote. Yangu haikuwemo. Ilibaki kwenye faili nyingine, labda imebandikwa nyuma ya kitu. Ningeingia nayo hivyo, ningesema jaji alipuuza ripoti, wangeniuliza ripoti ipi. Tuliandika barua mara tatu ndipo ikaongezwa. Siku ya kusikilizwa nilikaa kwenye kachumba ka gereza mbele ya skrini, afande amenisimamia mlangoni, mtandao unakatika. Jaji wa katikati aliniuliza swali moja tu: hiyo ripoti iko ukurasa gani? Nikamwambia 47. Akafungua. Nikaona kichwa chake kimeinama anasoma. Sijawahi kumwangalia mtu akisoma namna ile.

Kingine ni hesabu. Watu huku nje hawaelewi kwa nini sisi tunalilia namba, hata iwe kubwa. Wa maisha hapati msamaha wa theluthi, hata siku moja. Mwenye namba anapata, akiwa na tabia njema. Chukua mdogo wako: wakimpa 30, waseme ianze siku aliyokamatwa Aprili 2006, toa theluthi ambayo ni miaka 10, inabaki 20. Hiyo ni Aprili 2026. Wakisema ianze Machi 2009 hukumu iliposomwa, ni 2029. Miaka mitatu hiyo ni mstari mmoja wa jaji. Kwa hiyo rimandi asiiweke mwishoni kama kiporo. Aombe kwa maneno kamili kwamba adhabu ihesabiwe tangu kukamatwa, ataje na tarehe. Mwenzangu mmoja aliomba tu rimandi izingatiwe, majaji wakaandika wameizingatia, na hakuna aliyejua wameizingatia vipi. Gereza likahesabu tangu hukumu.

Sikuahidi 30. Nimeona 20, nimeona 40, na nimeona waliobakishiwa maisha.

---

Nyota_Taveta (Jumapili, saa 3 asubuhi)

Sikutaka kuandika. Nimesoma usiku kucha nikaona nisiponyamaza nitalala vizuri zaidi.

Mimi ni wa upande ule mwingine. Mume wangu aliuawa 2008. Aliyemuua aliomba kuhukumiwa upya, na mwanamke wa probesheni akaja kwangu na fomu. Aliniuliza, ungependa mahakama ijue nini? Nikakaa kimya hadi chai ikapoa. Nilichomwambia ni kwamba miaka kumi na moja imepita na hakuna mtu wao hata mmoja aliyepiga hodi kuniambia pole. Tunaishi umbali wa kutembea kwa miguu. Tulikuwa tukikutana kisimani wanageuza ndoo. Akaandika hivyohivyo. Jaji aliyasoma maneno yangu mahakamani, nikayasikia kwa sauti ya mtu mwingine, nikashangaa yalivyo mafupi. Alipewa miaka 35, na mimi sikupinga.

MamaMahamri, sikuchukii. Lakini umetuandikia minazi ni mitatu, umetuandikia umri wa mdogo wako, vyeti vyake, kuku wa mamako. Huyo aliyekufa ni "yule kijana" na jamaa zake ni "wale". Alikuwa na mke? Alikuwa na watoto? Afisa wa probesheni alienda kwao, wewe mwenyewe umesema. Unajua walimwambia nini?

---

Jirani_Mtwapa (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Nimekubali kusahihishwa. Niliisikia kwenye matatu.

---

WakiliKisumu (Jumapili, saa 7 mchana)

Dada Nyota, pole na asante. Na kisheria hilo si pembeni: jeraha la familia limo katika miongozo ile ya 2021. Upande wa mashtaka watalisoma mbele ya majaji, na kama ripoti ina maneno machungu ya familia, mdogo wake MamaMahamri asijifanye hayapo huku anategemea kurasa nzuri za ripoti hiyohiyo. Nimewaona majaji wakiyatafuta wenyewe.

Sisemi mwende kwao kutafuta karatasi ya msamaha. Hiyo imenifika ofisini mara nyingi, imepigwa chapa, imetiwa dole gumba, na harufu ya kushurutishwa inaisikia hata karani.

---

MamaMahamri (Jumatatu, saa 3 usiku)

Nimerudi. Niwaeleze leo ilivyokuwa, kisha nina swali moja.

Nilifika Shimo saa 2 asubuhi, nikaingia saa 5. Mdogo wangu alikuwa ameshajaza notisi tangu Ijumaa, kumbe wao huko wanajua mambo haya kuliko sisi, ila hakuwa amepata muhuri kwa kuwa afisa wa ofisi ile hakuwepo. Leo kapigiwa. Nimeiona kwa macho yangu, wino wa buluu, tarehe 17, umekaa upande kidogo. Kanipa nakala kaikunja mara nne, nikaiweka kwenye leso. Nimemsomea kupitia wavu aliyoandika Kifungo19 kuhusu ukurasa 47, kacheka, kisha kaniambia nirudie ile hesabu. Nikairudia. Kaniambia nisiirudie kwa mama.

Na yeye tayari alikuwa na kurasa tisa. Nimemwambia kalamu nyekundu. Kaninunia.

Dada Nyota. Jana sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Alikuwa na mke, aliolewa tena, yuko Kilifi. Ana mtoto mmoja wa kike, alikuwa na miezi minane wakati ule. Sasa ni msichana mkubwa, anasuka nywele saluni moja hapa njia ya sokoni. Namjua. Mimi asubuhi napita na beseni langu la mahamri njia ya nyuma, penye matope, miaka yote, nikijiambia ni njia ya mkato. Si ya mkato. Walimwambia nini afisa wa probesheni sijui, ripoti sijaishika, naambiwa tu ilikuwa nzuri, na hata sikuwahi kuuliza nzuri kwa nani. Nimemwambia mdogo wangu aombe nakala yake kabla ya kuandika neno jingine. Kanyamaza, kisha kasema sawa. Kaniuliza yule mtoto anaitwa nani. Miaka kumi na tisa hajui jina lake. Nikamwambia.

Saluni sijaenda.

Swali langu kwa wakili: kwenye notisi kaandika namba ya ile kesi ya mauaji ya 2006. Lakini juu ya ule uamuzi wa kurasa tatu pana namba nyingine, ya lile ombi la 2019. Kakosea? Na zimebaki siku tatu.

---

WakiliKisumu (Jumatatu, saa 3 na nusu usiku)

Uamuzi anaoupinga ni wa lile ombi, kwa hiyo namba ya 2019 lazima iwepo. Ya 2006 iwekwe chini yake kuonyesha lilitokana na kesi gani. Ajaze fomu nyingine kesho asubuhi yenye zote mbili na tarehe ya uamuzi, aandike juu kwamba inarekebisha ile ya tarehe 17, ipigwe muhuri nayo. Ile ya kwanza msiitupe.

---

MamaMahamri (Jumatatu, saa 4 usiku)

Kesho saa 2 niko langoni. Mahamri atauza binti yangu.